Jjajja, Ramani na Karani: Safari ya Taarifa za Ardhi katika Ofisi za Kampala

Mwaka juzi nilimsindikiza jirani yangu, bibi aliyekwisha kuvuka miaka sabini, hadi ofisi moja ya serikali ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwa na shida ndogo, au ndivyo tulivyodhani. Fununu zilikuwa zimeenea kijijini kwamba ardhi iliyo chini ya kibanja chake imeuzwa, naye akataka kumjua mwenye ardhi mpya ili ampelekee busuulu yake kabla mwaka haujaisha.

Tulifika saa tatu asubuhi. Ilipofika zamu yetu saa sita, karani alituuliza maneno mawili tu: "Bloku na ploti?"

Jjajja alijibu kwa ufasaha ambao ningependa wanafunzi wangu wausikie. Alisema kibanja chake kinaanzia kwenye mutuba uliopandwa na baba mkwe wake, kinashuka hadi kisimani, kinapakana na luwanyi zilizopandwa mstari mmoja na jirani wa upande wa magharibi, na kwamba ukisimama mlangoni pake unaliona kanisa la mtaa upande wa kushoto. Alimtaja kila jirani, na marehemu wa kila jirani. Karani alisikiliza kwa heshima, kisha akasema: "Jjajja, hapa nina majina na namba. Ramani zimo chumba kile, na mwenye ufunguo amekwenda mazishini."

Tukarudi nyumbani.

Ndugu msomaji, pengine umezoea kusikia kisa cha namna hii kikimalizikia kwa kuwalaani makarani. Sikumlaani yule binti. Alikuwa na daftari lisilo na ramani, na bibi alikuwa na ramani isiyo na namba. Kila mmoja alikuwa na nusu ya jibu. Nilipokuwa njiani kurudi nilijiuliza nani alizitenganisha nusu hizo mbili, na lini. Makala haya ni matokeo ya kujiuliza huko.

Kwanza nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua mkaaji halali, pamoja na yule aliyekaa juu ya ardhi ya mtu mwingine kwa nia njema kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995 bila mwenye hati kumpinga. Marekebisho ya 2010 yakaongeza kwamba mkaaji wa namna hiyo haondolewi ila kwa amri ya mahakama, na sababu ni moja tu: kutolipa busuulu. Tazama basi mnyororo ulivyofungwa. Ili usifukuzwe, lipa. Ili ulipe, umjue mwenye hati. Ili umjue mwenye hati, ujue namba ya bloku na ploti. Ili uijue namba, mtu fulani akuoneshe ramani na aweze kuisoma. Haki yote ya bibi huyu, iliyoandikwa kwa lugha nzuri ya kisheria, ilikuwa imening'inia kwenye ufunguo wa chumba kimoja.

Mwanzo wa mambo ni tarehe 10 Machi 1900, siku uliposainiwa Mkataba wa Buganda. Upande wa Uingereza alikuwepo Sir Harry Johnston. Upande wa Buganda Kabaka Daudi Chwa alikuwa mtoto asiyetimiza miaka minne, hivyo walisaini watawala wake watatu, Apolo Kagwa, Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri, pamoja na machifu wengine. Mkataba ulikadiria kwamba Buganda ina maili za mraba 19,600. Katika hizo, Kabaka alipewa 350, machifu na watu binafsi wakatengewa 8,000, na sehemu kubwa ya ardhi iliyohesabiwa kuwa haitumiki, pamoja na misitu, ikaenda kwa Taji la Uingereza. Kutoka kwenye neno la Kiingereza la maili ndipo ilipotoka mailo, jina ambalo hata mtoto wa shule ya msingi Kampala analijua.

Jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipitia haraka mno ni hili: ardhi iligawanywa kwa idadi kabla ya kuchorwa. Chifu hakupewa bonde fulani au kilima fulani. Alipewa maili kadhaa, kisha akaenda mwenyewe kuchagua zitakapolala. Mkataba ulifikiria wagawiwa wapatao 1,000. Waliopata walizidi 3,000. Kwanza yalitangulia majina na namba katika orodha za Lukiiko. Wapima ardhi wakafuata nyuma kwa minyororo na vyombo vyao, wakapita vijijini kwa zaidi ya miaka thelathini wakijaribu kuzilinganisha orodha na udongo. Wakulima waliokuwa wakiishi juu ya udongo huo hawakuwa kwenye orodha wala kwenye michoro. Sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1927 iliwawekea ulinzi na kuweka kikomo cha malipo, lakini haikuwaweka kwenye ramani. Kibanja kilibaki kitu kinachojulikana kwa macho na kwa ushahidi wa majirani. Hapo ndipo nusu mbili zilipoachana.

Nifungue mabano kidogo, kwa kuwa mwalimu wa lugha haachi kuchungulia maneno. Waganda huiita hati ya ardhi ekyapa. Neno hilo ni ndugu wa chapa yetu. Kupiga chapa kwa Kiganda ni okukuba ekyapa. Kwa hiyo kitu kilichomfanya mtu aitwe mwenye ardhi hakikuitwa kwa jina la udongo wala la mpaka. Kiliitwa kwa jina la karatasi iliyopigwa mhuri. Tunapolalamika leo kwamba ofisi zinaheshimu karatasi kuliko mahali, lugha ilikwisha kutueleza zamani.

Karatasi yenyewe ilitoka mbali. Sheria ya Usajili wa Hati, iliyoanza kutumika 1924, ilifuata mtindo wa Robert Torrens, aliouanzisha Australia Kusini mwaka 1858. Katika mtindo huo daftari la serikali ndilo lenye kauli ya mwisho: aliyeandikwa ndiye mwenyewe. Ni mtindo mzuri kwa nchi ambayo daftari na ramani vinatunzwa pamoja. Kwetu, idara ya upimaji ilikuwa na makao yake Entebbe, kilomita zipatazo 40 kutoka katikati ya Kampala, ambako ndiko kulikokuwa na makao ya utawala wa kikoloni. Hati zikawa na nyumba yake, ramani zikawa na nyumba yake. Msajili aliona mstari mdogo uliochorwa kwenye hati moja, akaona umbo la ploti na namba zake, lakini hakuona kilichokuwa kando yake.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza waliunda, mwaka 1946, idara maalumu ya kupima makoloni. Ndege zikapita juu yetu zikipiga picha, na kutokana na picha hizo zikachapwa ramani za skeli ya 1:50,000 ambazo bado zinaheshimiwa. Sina kejeli na kazi hiyo. Mtaalamu yeyote atakwambia ilikuwa ya umakini mkubwa. Lakini ilikuwa ramani ya wataalamu kwa wataalamu. Mwenye gombolola hakuwa nayo ukutani. Mwalimu hakuwa nayo darasani. Ilikaa katika droo pana za chuma, imelala chali.

Wakati huohuo, palepale Kampala, ilikuwepo ofisi moja ya serikali ambamo ramani haikulala. Napenda sana kisa hiki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji wa serikali aitwaye Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, aliitwa na mwenzake Hugh Trowell amtazame mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote. Hakuelewa ugonjwa ule. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe uleule. Mtu mmoja ni ajabu, alijisemea moyoni. Wawili ni swali. Alirudi kwenye kumbukumbu za hospitali, akakuta wengine.

Lakini swali alilolichagua silo ambalo daktari wa kawaida angelichagua. Hakuuliza tu uvimbe ni nini. Aliuliza uko wapi. Akachapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma, zaidi ya 1,000, kwa madaktari wa serikali na wa misheni kote Afrika. Hakuwataka wachore ramani wala wajue latitudo. Aliwauliza kama wamewahi kuona kitu kama hiki. Jibu lilipokuja, alichoma pini kwenye ramani ya Afrika iliyotundikwa ukutani ofisini mwake.

Pini zikaanza kusema. Zilijipanga kama mkanda kuizunguka ikweta, zikaacha mapengo ambayo hayakuwa na maelezo. Mnamo Oktoba 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250, wakasafiri maili 10,000 kwa wiki kumi kuelekea kusini, wakipiga hodi hospitali moja baada ya nyingine kutafuta ukingo wa ule mkanda. Ted Williams alikuwa daktari wa misheni Kuluva, West Nile, na mtu mwenye tabia moja ya thamani: aliandika kumbukumbu za wagonjwa wake kwa uangalifu, pamoja na walikotoka. Walichokiona ni kwamba ugonjwa hukoma kwenye nyanda za juu, na kwamba ukisogea mbali na ikweta hukoma kwenye mwinuko wa chini zaidi. Alexander Haddow wa taasisi ya utafiti wa virusi kule Entebbe aliitambua alama hiyo: si urefu wa milima unaouzuia, ni baridi. Mkanda wa joto na mvua ulikuwa pia mkanda wa malaria. Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya chembe za uvimbe uliotumwa kutoka Uganda. Saratani hiyo leo inaitwa kwa jina la Burkitt.

Nimekirefusha kisa hiki makusudi. Hakukuwa na kompyuta wala mpima ardhi. Kulikuwa na swali ambalo mhudumu wa kawaida wa hospitali ya wilaya angeweza kulijibu kwa kalamu, na kulikuwa na ramani mahali ambapo kila aingiaye angeiona. Binafsi naamini Uganda ilikwisha kupata somo la jinsi ofisi inavyopaswa kutumia taarifa za mahali, ikalipata mapema kuliko nchi nyingi, kisha somo likabaki upande wa tiba na halikuvuka barabara kwenda upande wa ardhi.

Huko upande wa ardhi mambo yalizidi kuchafuka. Agizo la Idi Amin la 1975 lilitangaza kwamba ardhi yote ni ya umma na kuzigeuza hati za mailo kuwa za kupanga. Katiba ya 1995 ikaurudishia umma wa raia umiliki na kutambua mifumo minne: ya kimila, ya umiliki huru, ya mailo na ya kupanga. Mara mbili katika miaka ishirini maana ya mistari ile ile kwenye karatasi ilibadilika, na karani aliyeajiriwa wakati wa mfumo mmoja alistaafu katika mwingine.

Mipaka ya utawala nayo haikutulia. Sensa ya 2002 ilikuta wilaya 56. Ile ya 2014 ikakuta 112. Ramani iliyochapwa kwa gharama kubwa ilikuwa imechakaa kabla wino haujakauka vizuri. Nawajua walimu wenzangu ambao bado wana ukutani ramani ya Uganda yenye wilaya zisizotosha, nao huongezea mipaka kwa kalamu ya risasi.

Tazama pia mabwawa ya mafunjo yanayoizunguka Kampala: Lubigi, Nakivubo, Kinawataka. Katiba ya 1995 inasema serikali inayashika kwa amana kwa niaba ya wananchi. Hata hivyo hati ziliendelea kutolewa ndani yake, mpaka serikali ikaamua mwaka 2014 kwamba zile zilizotolewa kinyume cha sheria baada ya 1995 zifutwe. Rushwa ilikuwepo, wala sitaki kuifunika kwa blanketi la teknolojia. Lakini rushwa hupenda giza, na giza lilikuwa tayari limeandaliwa: ofisi ya mazingira ilikuwa na ramani ya mabwawa, ofisi ya hati ilikuwa na mistari na namba, na hapakuwa na meza moja ambapo karani angeweza kuiweka moja juu ya nyingine na kusema, "Bwana, ploti hii imo majini." Anayetaka kudanganya alihitaji tu pengo kati ya vyumba viwili.

Mabadiliko yalianza kuonekana mwaka 2013, wizara ya ardhi ilipozindua mfumo wa kompyuta wa taarifa za ardhi katika ofisi za kwanza, Kampala ikiwa mojawapo. Vitabu vya hati vilinakiliwa kwenye kompyuta, ramani zikafuata, na baadaye ofisi za kanda zikafunguliwa sehemu mbalimbali za nchi hadi zikapita 20. Kwa mara ya kwanza tangu 1900, jina na mahali viliwekwa katika sanduku moja. Mamlaka ya Jiji Kuu la Kampala, iliyoundwa kwa sheria ya 2010, nayo ikaanza kuipa mitaa majina, nyumba namba, na majengo thamani kwa ajili ya kodi. Katika sensa ya Mei 2024 makarani walibeba vishikwambi, wakahesabu watu wapatao milioni 45.9. Vijana waliofanya kazi hiyo hawakusomea jiografia chuoni. Nilifundisha wawili kati yao, na ninavyowakumbuka, mmoja hakuwahi kutofautisha mashariki na magharibi. Kifaa kilipokuwa rahisi aliweza.

Majirani zetu wamepita njia hiyohiyo. Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika, wakachora mifereji na nyumba zao wenyewe. Tanzania nzima ikafanya operesheni ya anwani za makazi mwaka 2022 kabla ya sensa yake. Kenya ilizindua Ardhisasa jijini Nairobi Aprili 2021. Jina hilo naliona limetungwa vizuri kuliko majina mengi ya serikali.

Nina lalamiko moja, na ninalitoa kama raia. Mpangilio wa nani apate ramani kwanza unasema mengi. Mtoza kodi ya majengo alipata mapema. Mwekezaji anayetafuta ardhi ana wakili wa kumtafutia. Afisa wa gombolola, mwenyekiti wa LC1, karani wa dirishani, yaani wale ambao Jjajja anaweza kuwafikia kwa nauli ya boda moja, hao huambiwa wasubiri awamu ijayo. Wakati mwingine kompyuta imekuja lakini nywila anayo mtu mmoja. Ufunguo umebadilika umbo, mazishi yako palepale.

Tulirudi mjini mwezi uliofuata, safari hii katika ofisi nyingine. Kijana aliyetuhudumia alimsikiliza Jjajja tangu kwenye mutuba hadi kisimani, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: aliugeuza uso wa kompyuta umwelekee yeye. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, na juu yake mistari ya ploti. "Jjajja, kanisa ni hili. Wewe uko wapi?" Bibi alisogeza kichwa, akakaa kimya kwa muda mrefu hata nikaogopa. Kisha akaweka kidole. Alikuwa ameutambua mutuba kwa kivuli chake.

Kijana akaandika namba, akatuelekeza pa kulipia ada ya upekuzi, na baada ya siku chache jibu likatoka. Ardhi haikuwa imeuzwa. Fununu zilikuwa uongo mtupu. Lakini jina lililoandikwa lilikuwa la mzee mmoja ambaye Jjajja mwenyewe alihudhuria matanga yake miaka mingi iliyopita, na hakuna mrithi aliyewahi kwenda kubadilisha daftari.

"Sasa mwalimu," akaniuliza, "busuulu nimpelekee nani, kaburi?"

Sikuwa na jibu. Alikikunja kile kikaratasi chenye namba ya bloku na ploti mara nne, akakitia ndani ya mshipi wa gomesi yake, na tukaenda kutafuta teksi ya kurudi.